Jua Bichi

Tukuyu, jua ni mgeni wa saa nne:
hukaa barazani kidogo, haulizi habari,
huaga kabla maji ya chai hayajachemka.
Kisha mvua huteremka kutoka Rungwe
imejifunga ukungu hadi magotini.

Basi mama yangu alipoiona miguu ya Tusekile
inapinda kama mpini uliokatwa mbichi,
alisema: Mwanikeni.

Nikamwanika.
Nilitandika mkeka kando ya kahawa,
kahawa upande huu, mwanangu upande ule,
na kila kivuli kiliposogea
nilisogeza vyote viwili.
Kahawa ikakauka.
Mtoto akavimba macho.

Mbeya, Hospitali ya Rufaa. Daktari Kyando,
mwanamke mfupi, sweta la kijani chini ya koti jeupe,
alichora figo mbili nyuma ya cheti cha dawa.
"Baba Tusekile, jua unaloanika linaingia.
Linapita ngozini, linapita kwenye ini,
linafika hapa," akagonga kwa kalamu,
"na hapa ndipo jikoni.
Jiko la mwanao linapoa.
Jua analo. Ila ni bichi."

Nimechuma chai Katumba miaka kumi na saba.
Sikuhitaji anieleze mara ya pili:
gunia zima la majani yasiyofika kiwandani
halitoi hata kikombe kimoja.

Na moyo? nikauliza,
maana nilisikia wauguzi wakiutaja kwa sauti ya chini.
Moyo, alisema, unasukuma
kama gari lililokwama topeni njia ya Mwakaleli,
presha juu, damu nyembamba,
unasukuma hadi ukuta wake unanenepa.
"Na moyo mnene, baba, si moyo wenye nguvu."

Akanipa kichupa cha kahawia.
Jua lililopikwa kwingine.
Nikakumbuka moto ukituzimikia usiku wa Juni,
unatumwa kwa jirani na kigae,
unarudi mbio, kiganja kikilikinga kaa na upepo.
Hukuuliza kuni zilikuwa za nani.

Matone machache tu.
Ukizidisha, alionya, chokaa itaganda kwenye mishipa,
na huo moyo unaoutetea utakuwa umeutupia mawe.
Kila mwezi damu. Kila mwezi nauli.
Mbuzi wa kwanza nilimuuza bila kufikiri.
Wa pili nilifikiri.

Nikamuuliza kama moyo utarudi ulivyokuwa.
Hakujibu upesi. Nilimheshimu kwa hilo.
"Wapo watoto ambao ukuta ulipungua.
Wapo ambao sikuona kitu.
Tutapima."

Mwezi wa sita tukapima.
Chumba cha giza, mafuta ya baridi juu ya mbavu,
Tusekile, tuliyempa jina la furaha,
akajing'ata kidole asicheke,
na pale kwenye kioo, moyo wake:
kijilango kikifunguka, kikifunga, kikifunguka.
"Baba, kama kifaranga anaomba."
Anaomba nini?
"Sijui. Anaomba tu."

Mtaalamu akapima ukuta mara mbili.
Milimita moja pungufu, akasema.
Halafu akasema: labda. Labda ni mkono wangu.
Nimeiandika kwenye daftari, milimita na labda yake,
chini ya bei ya mbolea.

Leo mama ametandika mkeka tena.
Sikumkataza; naye ana dawa yake.
Tusekile ameketi katikati, miguu ameinyoosha
kwa kadiri inavyonyooka,
ananishikia kichupa, ananihesabia matone,
na nikisita kidogo ananikemea:
"Usitetemeke, baba, utamwaga jua."

Ukungu umeshafika kwenye migomba.
Nimeingiza kahawa ndani.
Yeye bado hataki kuingia.